Kiwanja cha Watoto Kilitoka Wapi?

Leo naomba tuzungumzie neno moja tu: kiwanja.

Hapa Dar es Salaam neno hili lina kazi tatu. Ukiongea na dalali, kiwanja ni kipande cha ardhi kilichopimwa, chenye namba, na hati kama una bahati. Kijana wa mjini akikwambia Ijumaa jioni "leo tunaenda viwanja", hapo ujue habari ni ya bia na muziki. Ukiongea na mtoto, kiwanja ni mahali pa kucheza. Ugomvi mwingi wa ardhi katika mji huu umejificha ndani ya maana hizo tatu, na mara nyingi inayoshindwa ni ile ya tatu, kwa sababu wenye nayo hawana hela, hawapigi kura, na wengine hata kuongea bado.

Mmoja wao namfahamu vizuri. Ni binti wa dada yangu, umri wake miaka miwili kasoro miezi mitatu, na pale nyumbani tunamwita Mheshimiwa kwa jinsi anavyopenda kubebwa na kusindikizwa. Dada yangu ni nesi na zamu zake nyingi huangukia Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, kabla sijaenda chumba cha habari, Mheshimiwa ni wangu. Tunatoka getini, tunavuka barabara moja yenye bodaboda zisizo na huruma, tunaingia kwenye kiwanja chetu cha mtaa hapa Sinza.

Msije mkadhani ni bustani ya kifahari. Ukubwa wake ni kama viwanja vitatu vya nyumba. Kuna bembea mbili za chuma, moja mnyororo wake wa kushoto umekatika na kufungwa waya. Kuna bati la kutelezea ambalo likishapigwa jua hadi saa nne halikaliki. Kuna matairi yaliyofukiwa nusu, yakapakwa rangi ya bluu na njano ambayo sasa inabanduka. Kuna mwarobaini mmoja mkubwa, na chini yake wazee wanacheza drafti. Pembeni kuna kijana wa chipsi. Basi, kwisha.

Na Mheshimiwa wala hana habari na bembea. Yeye anachuchumaa pale pale mlangoni, anaokota visoda na kokoto, anajaza mchanga kwenye kopo la blubendi, anaumwaga, anajaza tena. Saa nzima. Anayedhani mtoto wa umri huu anahitaji mashine za mamilioni hajakaa naye Jumamosi moja.

Sasa mimi nalipwa kwa kuuliza maswali, hata kama nalipwa kidogo. Nikajiuliza: hiki kiwanja kilitoka wapi? Katika mji ambao kila kipande kina mwenyewe, au kina watu wawili wanaodai ni wenyewe, nani aliamua kwamba hapa pasijengwe nyumba? Nilipompelekea mhariri wangu wazo hili akaniuliza, "Kuna mtu amekufa?" Nikasema hapana. "Basi hakuna habari hapo." Sawa mzee. Habari yenyewe ndiyo hii, imeangukia huku.

Tuanze mbali kidogo. Bibi zetu hawakuwa na neno la kiwanja cha watoto kwa sababu hawakukihitaji. Mtoto alicheza uani, barazani, njiani, pwani, shambani. Rede, kombolela, mdako, gololi, kujipikilisha: hakuna hata mmoja kati ya michezo hiyo unaohitaji chuma wala fundi wa kuchomelea. Unahitaji nafasi na wenzako, na mtu mzima fulani anayeangalia kwa jicho moja huku anachambua mchele. Kijiji kizima kilikuwa kiwanja. Kutenga kipande kidogo na kusema "watoto wachezee hapa" ni ishara kwamba pengine pote pamekwisha kuwa hatari au pamekwisha kuwa mali ya mtu.

Ndivyo ilivyotokea kwanza kwenye miji ya viwanda ya Ulaya na Marekani katika karne ya 19. Familia zilibanana kwenye vyumba, barabara zikajaa mikokoteni na baadaye magari, na mtoto ambaye hayuko kiwandani yuko njiani. Ujerumani, Friedrich Froebel alikuwa ameshaanza mwaka 1837 kile ambacho baadaye alikiita bustani ya watoto, mahali ambapo kucheza kulihesabiwa kuwa ndiko kujifunza. Shule zetu za chekechea, zile ambazo sisi tuliziita za vidudu, ni wajukuu wa wazo hilo. Na mjini Berlin kulikuwa na jambo lingine dogo zaidi: marundo ya mchanga yaliyowekwa kwenye bustani za umma ili watoto wachezee.

Daktari mmoja mwanamke, Marie Zakrzewska, mzaliwa wa Berlin aliyehamia Marekani, aliyaona marundo hayo na kuwaandikia wenzake wa Boston. Mwaka 1885 wakina mama wa chama kimoja cha afya mjini humo wakamwaga mchanga kwenye uwanja wa kanisa dogo katika mtaa wa Parmenter, eneo la wahamiaji maskini. Historia ya viwanja vya watoto Marekani kwa kawaida huanzia hapo. Haikuanza na bembea, ilianza na mchanga. Nilipousoma mkasa huo nilimwangalia Mheshimiwa na kopo lake la blubendi nikamwona mtafiti.

Mwaka 1903 jiji la New York likafungua kiwanja cha Seward Park, cha kwanza cha kudumu nchini humo kujengwa na serikali ya jiji yenyewe. Chuma nacho kikaingia. Kule Kettering, Uingereza, mhandisi aitwaye Charles Wicksteed alisimika bembea za magogo na minyororo kwenye ardhi yake kwa ajili ya sherehe ya watoto wa shule ya Jumapili. Sherehe ikaisha, watoto hawakutaka ziondolewe. Akaziacha, akaongeza nyingine, na hifadhi yake ikafunguliwa rasmi mwaka 1921. Kiwanda chake kikaanza kuuza bembea sehemu nyingi duniani. Ile bembea ya mnyororo na nguzo za chuma zilizochanua kama herufi A, ambayo fundi yeyote wa kuchomelea pale Mwenge anaweza kukutengenezea leo, ina ukoo na zile.

Haya, hiyo ni Ulaya na Marekani. Dar es Salaam je?

Hapa kwetu historia ya eneo la wazi haina utamu huo. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na tangu mwanzo walipanga mji kwa kanuni za ujenzi zilizoamua nyumba ya aina gani ikae wapi. Ukishaamua nyumba ya aina gani, umeshaamua mtu wa aina gani. Waingereza walipochukua mji mwaka 1916 waliendeleza mpango ule ule kwa bidii zaidi. Katika miaka ya 1920 mji ulikuwa umegawanyika kwa namna ambayo bado tunaitaja bila kufikiri: uzunguni, uhindini, uswahilini. Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na nyuma yake. Hata jina Kariakoo lenyewe linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliowekwa eneo lile.

Kati ya uhindini na Kariakoo wakaacha ukanda mtupu. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni afya, kwamba ugonjwa usivuke. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja.

Hebu tafakari hilo kidogo. Moja ya maeneo ya wazi maarufu kuliko yote katika nchi hii halikuachwa wazi ili watoto wacheze. Liliachwa wazi ili watu wasikaribiane. Lakini watu wakalikalia kwa namna yao. Vijana wakacheza mpira. TANU ikafanya mikutano. Baada ya uhuru ukasimama pale mnara wa Mwenge wa Uhuru. Ukanda uliochorwa kututenganisha ukawa mahali pa kukutania. Wenyeji wa mji wana tabia hiyo: ukiwaachia nafasi, wanaipa kazi ambayo mchoraji hakuiwaza.

Sasa hizi historia mbili, ya mchanga wa Boston na ya Mnazi Mmoja, zilikutana vipi mpaka mimi na Mheshimiwa tukapata matairi yetu ya bluu na njano Sinza? Aliyezikutanisha ni mtu ambaye sidhani kama aliwahi hata kuwaza habari za Sinza.

Jina lake Clarence Perry. Alikuwa mtaalamu wa mambo ya jamii huko New York na kwa miaka mingi alishughulikia harakati za viwanja vya michezo na vituo vya jamii. Mwaka 1929 akachapisha wazo la namna ya kupanga makazi. Alisema chukua shule ya msingi, iweke katikati. Izungushie nyumba za watu kati ya 5,000 na 9,000 hivi. Barabara kubwa zipite pembeni, zisikate katikati, ili mtoto aende shule bila kuvuka barabara ya magari ya kasi. Maduka yakae kwenye kona. Na sehemu kama moja ya kumi ya eneo lote iachwe kwa bustani na viwanja vya kuchezea. Kwa maneno mengine, alipima mtaa mzima kwa miguu ya mtoto.

Wazo la Perry likasambaa kwa wapangaji miji dunia nzima kama wimbo mzuri. Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb na wenzake kutoka London ilipotengeneza mpango kabambe wa kwanza wa Dar es Salaam, wazo hilo la vitongoji vinavyojitosheleza lilikuwemo. Ila lilipofika hapa lilivishwa nguo za kikoloni. Vitongoji viligawanywa kwa msongamano: mdogo, wa kati na mkubwa. Hakukuwa na haja ya kuandika nani ataishi wapi, kila mtu alielewa. Wa msongamano mdogo walipata bustani ya nyumba na eneo la wazi la mtaa. Wa msongamano mkubwa, wenye watoto wengi zaidi kwa kila eka, nafasi yao ilikuwa ya kubana.

Uhuru ukaja mwaka 1961. Mpango kabambe wa pili ulitengenezwa mwaka 1968 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada. Wa tatu, wa mwaka 1979, nao ulitengenezwa na Wakanada, kampuni ya Marshall Macklin Monaghan. Mgawanyo wa rangi uliondoka kwenye karatasi, lakini wazo la shule katikati, duka pembeni na kiwanja cha kuchezea karibu na nyumba lilibaki. Tatizo likawa kasi ya mji. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu takriban watu 273,000 Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hakuna mchoraji ambaye kalamu yake ingeweza kukimbia hivyo.

Hapo ndipo Sinza inapoingia. Mwaka 1972 serikali iliachana na sera ya kubomoa makazi holela na kuamua kuyaboresha, na pia kupima viwanja vipya kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Benki ya Dunia ikatoa mkopo, na kuanzia mwaka 1974 mradi wa viwanja na huduma ukaanza. Manzese ikaboreshwa. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa. Wewe ulipewa kiwanja na huduma za msingi, nyumba unajenga mwenyewe kadiri ya uwezo wako. Viwanja vingi vya Sinza vilikuwa vidogo, mita za mraba 288 hivi. Na kwenye michoro, katikati ya vile viboksi vidogo vilivyopangana, wapimaji waliacha viboksi vichache bila namba ya mtu. Eneo la wazi.

Mmoja wa wazee wa drafti chini ya mwarobaini ni kati ya waliopewa viwanja enzi hizo. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwuliza kama anakumbuka pale palikuwaje.

"Tulipewa kiwanja, kiwanja kidogo kweli," akaniambia. "Tukamwuliza yule afande wa ardhi, sasa na watoto wakae wapi? Akatuonyesha hapa. Akasema hapa ni kwa ajili ya kila mtu aliyepewa kidogo. Kwa hiyo, kijana wangu, hiki siyo cha serikali. Hiki ni kile kipande tulichopunguziwa, kimewekwa pamoja."

Wadau, nimeshahudhuria semina nyingi za mipango miji zenye chai na sambusa. Sijawahi kusikia maelezo ya eneo la wazi yaliyonyooka kama hayo. Kiwanja cha mtaa hakikutoka mbinguni. Kila familia ilikatwa kidogo kwenye ua wake, na makato hayo yakawekwa mahali pamoja kwa ajili ya watoto wa wote.

Kilichofuata mnakijua wenyewe. Zile mita 288 zilianza kujaa. Mwenye nyumba aliongeza vyumba vya uani vya kupangisha, kwa sababu mshahara hautoshi na mji unahitaji vyumba. Ua ukaisha. Nyumba za mbele zikawa baa, nyumba za wageni, saluni, maduka ya simu. Barabara za ndani ambazo zilikuwa za vumbi na chandimu zikajaa magari, bajaji na bodaboda. Mtoto wa chumba na sebule aliyekuwa na ua, njia na kiwanja, akabaki na kiwanja. Na kiwanja nacho kikaanza kuonwa na watu wenye macho ya dalali.

Nadhani lugha nayo ilisaidia uharibifu. "Eneo la wazi." Mtu akisikia wazi anasikia tupu. Nafasi ipo, hakuna anayeitumia, mbona inakaa bure? Ndivyo yanavyoanza. Kwanza kibanda cha muda. Kisha gereji ya muda. Kisha uzio wa mabati, "kwa usalama". Kisha jengo, na mtu anayetoa barua. Kuna mitaa Dar ambayo ukichukua mchoro wake wa zamani na kuutembelea kwa miguu, eneo la wazi utalikuta limekuwa baa, kituo cha mafuta, kanisa, msikiti, ofisi, au nyumba ya mtu ambaye hakuna anayetaka kulitaja jina lake. Mawaziri wa ardhi mmoja baada ya mwingine wametoa makaripio. Mabango yamepakwa X nyekundu. Baadhi ya kuta zimeangushwa kweli. Nyingine bado zimesimama na X yake, kama mtu mwenye kovu anayejivunia.

Kwetu ilikuwa Mei. Siku moja tukakuta tripu mbili za mchanga zimemwagwa katikati ya kiwanja, na pembeni tofali zimepangwa vizuri. Hakuna bango, hakuna kibali kilichobandikwa. Kijana wa chipsi akasema ni bwana mmoja ana gari jeupe, amesema anajenga "fremu chache tu", na kwamba ameshaongea na wakubwa. Wakubwa gani? Hakusema.

Wazee waliendelea na drafti yao lakini siku ile hakuna aliyekuwa anashangilia kete.

Watoto wao walifanya nini? Kufika saa tatu, lile rundo la mchanga lilikuwa na watoto kama ishirini juu yake. Wakubwa wanaruka kutoka kileleni. Wa kati wamechimba mapango. Wawili wameshaiba tofali sita na kuzijenga jiko la kujipikilisha. Mheshimiwa, ambaye kwa kawaida huwaogopa watoto wakubwa, alinyoosha mikono nimshushe, akaingia mpaka magotini na kopo lake. Kile kiwanja hakijawahi kuchezewa vile tangu niishi pale. Bwana wa gari jeupe alikuja kuua kiwanja, akakiletea mchezo bora kuliko bembea zote.

Na hilo nalo lina historia yake. Mwaka 1943, Denmark ikiwa imekaliwa na Wajerumani, mbunifu wa bustani aitwaye C. Th. Sørensen alifungua kiwanja katika kitongoji cha Emdrup, Copenhagen. Kwa miaka alikuwa ameona kwamba watoto walivikimbia viwanja vizuri alivyowachorea na kwenda kucheza kwenye sehemu za ujenzi, kwenye mbao, tofali na udongo. Basi akawapa hivyo hivyo: mabaki, mbao, matofali, zana, wajenge na kubomoa wenyewe. Mwingereza mmoja, Lady Allen wa Hurtwood, alikitembelea mwaka 1946 na kulipeleka wazo London, ambako mabomu ya vita yalikuwa yameacha maeneo mengi ya vifusi.

Amsterdam nako, mwaka 1947, mchoraji majengo kijana Aldo van Eyck alianza kazi ya kutengeneza viwanja vya watoto katika nafasi ndogo ndogo za mji, kona za barabara na mapengo yaliyoachwa na nyumba zilizobomoka. Baadhi ya mapengo hayo yalikuwa nyumba za Wayahudi waliopelekwa kuuawa. Majirani walizing'oa mbao wakati wa baridi na njaa ya 1944 na 1945 ili wapate kuni. Mahali pa msiba akaweka boksi la mchanga, vyuma vichache vya kuning'inia, na mawe ya kurukia. Kufikia mwaka 1978 alikuwa amebuni viwanja zaidi ya 700. Vingi havikuzidi ukubwa wa kile chetu. Mji uliotoka vitani, hauna hela, ulipata viwanja zaidi ya 700. Kwa hiyo nikiambiwa hapa kwetu tatizo ni bajeti, mniwie radhi, nacheka.

Mchanga ni bei rahisi, na watoto wanacheza kwa chochote. Kitu pekee ambacho mtoto hawezi kujitengenezea ni ardhi. Hiyo lazima mtu mzima aitenge, na lazima mtu mzima mwingine ailinde, kizazi baada ya kizazi.

Kisheria hatuna upungufu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 31, unamtambua mtoto kuwa na haki ya kupumzika na kucheza, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja haki ya kucheza na kupumzika katika orodha ya mambo ambayo mzazi anawajibika kumpa mtoto, pamoja na chakula, mavazi na matibabu. Ni jambo jema, lakini hebu isome kwa macho ya dada yangu. Chakula ataweza. Mavazi ataweza. Chanjo ameshampeleka. Uwanja je? Anapangisha vyumba viwili. Hakuna mshahara wa nesi unaonunua eneo la kuchezea Sinza. Haki hii moja ni ya pamoja. Haiwezekani nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana wapimaji wa miaka ya 1970 waliikata mapema kwenye ramani.

Turudi kwenye mchanga. Yule mzee aliondoka kwenye drafti, akarudi baada ya nusu saa na bahasha ya nailoni. Ndani kulikuwa na nakala ya mchoro wa mtaa, imekunjwa mpaka mikunjo imechanika, imegundishwa kwa seloteipu iliyogeuka rangi ya chai. Akatuonyesha kwa kidole: kiwanja chake, cha marehemu jirani yake, na pale katikati pasipo namba. Mama mmoja wa nyumba ya kona akauliza kwa nini tunanong'ona. Jumapili yake wakakaa watu wapatao thelathini chini ya mwarobaini, wapangaji na wenye nyumba, na wakaandika barua yenye majina na sahihi. Nakala ya mchoro ikaambatanishwa. Ikaenda serikali ya mtaa, na nyingine manispaa.

Mpaka naandika haya barua haijajibiwa. Tofali zimepungua, sitasema zimeenda wapi. Mchanga nao umesambaa hadi umekuwa sehemu ya ardhi. Bwana wa gari jeupe amepita mara mbili bila kushuka. Inaweza kuwa ameachana na jambo hili, na inaweza kuwa anasubiri tuchoke. Uzoefu wangu wa kuripoti migogoro ya ardhi unaniambia kwamba watu wa aina yake hawana haraka.

Sasa basi, kazi kwenu. Wengi wenu mmepanga Sinza, Tabata, Kijitonyama, Mbezi, au mko Arusha na Mwanza na mambo ni yale yale. Najua kijana mpangaji hujiona mpita njia, na mambo ya mtaa anawaachia wenye nyumba. Lakini kwa mujibu wa sensa ya 2022, zaidi ya watu wanne katika kila kumi nchini ni watoto wa chini ya miaka 15. Hao hawawezi kwenda ofisini kuulizia ramani, wewe unaweza. Nenda serikali ya mtaa, ukikosa nenda manispaa, idara ya mipango miji, ukaulize mchoro wa mtaa unaolala. Maeneo ya wazi yamo. Yahesabu kwenye karatasi, halafu toka ukayahesabu kwa miguu. Kubadilisha matumizi ya ardhi iliyopangwa kuna utaratibu wake na vibali vyake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, hakubadilishwi kwa tripu mbili za mchanga. Ukikuta hesabu hazilingani, waulize walioishi hapo siku nyingi. Na ukikuta zinalingana, piga nakala ya mchoro, kaiweke kwenye bahasha ya nailoni.

Tusije tukaambiwa na Mheshimiwa siku moja kwamba tulijua.

Nawasilisha.